Nguo za chakula: maana yake, na kwa nini nyingine huonekana kama doa

Katika mitindo, nguo ya chakula ni vazi ambalo mtu akilitazama jicho lake linatua kwenye chakula kwanza: nanasi, malimau, chipsi, kopo la supu. Chakula hicho kinaweza kuwa kimechapwa, kimedariziwa, au kimetengenezewa umbo zima, kama mkoba wa mfano wa tikiti au hereni za pilipili. Kipimo chake ni kimoja tu, nacho ni kutambulika. Kisipotambulika, hiyo ni nakshi ya kawaida kama maua na madoadoa.

Ndiyo maana barong, shati rasmi la Ufilipino, inayofumwa kwa nyuzi za majani ya mnanasi haiingii kundi hili. Imetokana na nanasi, lakini hakuna nanasi linaloonekana. Kadhalika vitambaa vinavyotengenezwa Sicily kwa makapi ya machungwa yaliyokwisha kukamuliwa. Hayo ni mambo ya malighafi, na wauzaji hupenda kuyachanganya na mambo ya picha kwa sababu yote mawili yanavutia kwenye tangazo.

Kutambulika nako kunategemea anayetazama. Chukua korosho ya kwenye kanga: lile umbo la tone nono lenye ncha iliyopinda, ambalo mara nyingi hupangwa kwenye pindo na mara nyingine hujaa mji mzima, yaani sehemu ya kati ya kanga. Waajemi huliita bote, yaani kichaka. Lilienea India, hasa kwenye mashali ya Kashmir, na huko wengi waliona embe bichi. Karne ya 19 mafundi wa mji wa Paisley, Uskoti, walilifuma kwa wingi hadi Waingereza wakalipa jina la mji huo. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki kwenye kanga, watu hawakuona kichaka wala embe. Waliona korosho, zao la mti ulioletwa na Wareno kutoka Brazili. Picha ni ileile, ila kwa mmoja ni mmea, kwa mwingine ni embe, kwa mwingine ni korosho. Kwa hiyo mtu wa pwani akiambiwa kwamba chakula kwenye nguo ni mtindo mpya, ana haki ya kutabasamu.

Kilicho kipya ni ule ujasiri wa kuweka chakula kama kilivyo, kikubwa na bila kukificha ndani ya nakshi. Mwaka 1937 mbunifu wa mitindo Elsa Schiaparelli alitoa gauni jeupe la hariri lenye kambakoche mwekundu mkubwa kwenye sketi, akiwa amechorwa na msanii Salvador Dalí. Wallis Simpson, mchumba wa Edward VIII aliyeacha ufalme wa Uingereza, alipigwa picha akiwa amelivaa, muda mfupi kabla ya ndoa yao. Inasimuliwa kwamba Dalí alitaka kulipaka mayonezi halisi na Schiaparelli akakataa, jambo ambalo fundi yeyote anayefua nguo atalielewa. Miaka ya 1960 kampuni ya supu ya Campbell's iliuza gauni la karatasi lenye safu za makopo yake, kwa dola 1 na lebo mbili za supu. Lilikuwa tangazo linalotembea, na halikutengenezwa ili lifuliwe. Mwaka 2010 mwimbaji Lady Gaga alivaa nyama mbichi ya ng'ombe kwenye tuzo za MTV. Baadaye vazi hilo lilikaushwa kama wanavyohifadhiwa wanyama wa makumbusho. Mwaka 2014 mbunifu Jeremy Scott, katika mkusanyo wake wa kwanza kwa kampuni ya mitindo ya Moschino, alichukua wekundu na manjano ya McDonald's akavishonea makoti ya gharama kubwa. Hapo ndipo mzaha wa chakula cha haraka ulipoingia rasmi kwenye majukwaa ya Milan.

Simu ndiyo iliyousambaza mtindo huu kuliko majukwaa. Mshono mzuri wa bega hauonekani kwenye picha ya ukubwa wa kidole gumba, lakini stroberi inaonekana. Gauni la neti la mbunifu Lirika Matoshi lililojaa stroberi zinazometameta lilienea mitandaoni mwaka 2020 kwa sababu hiyo hasa. Baada yake zikaja nyanya, malimau na sadini za kopo.

Sasa upande wa fundi, maana hapa ndipo nguo nyingi zinapoharibika.

Kwanza ukubwa wa picha. Tunda la sentimita 2 likitazamwa kutoka hatua tano ni doa tu. Kwa gauni la mtu mzima, tunda lenye upana wa kiganja, kama sentimita 8 hadi 12, linasomeka vizuri. Kwa shati au nguo ya mtoto punguza hadi nusu. Kosa la pili ni kinyume chake: tunda moja la uhalisia mno, lisilo na mstari wa kulizungushia, kwenye kitambaa cheupe. Nusu ya embe iliyochorwa hivyo tumboni inaonekana kama mtu aliyemwagikiwa. Dawa yake ni mstari mweusi mwembamba pembeni, au kurudia picha ili angalau matunda matatu yaonekane kwa pamoja. Na usisahau kikonyo. Nyanya bila kikonyo na majani yake ni mpira mwekundu.

Pili, mwelekeo. Nanasi lina juu na chini, hivyo vipande vyote lazima vikatwe vikielekea upande mmoja. Huwezi kugeuza kipande cha nyuma kichwa chini ili kuokoa kitambaa, na hapo ndipo gharama inapopanda. Chukua kitenge cha upana wa sentimita 115 ambacho picha yake inajirudia kila sentimita 32. Gauni la urefu wa sentimita 110 linahitaji kipande cha mbele na cha nyuma, jumla 220. Lakini ili mananasi yalingane kwenye mishono ya ubavuni, kipande cha pili lazima kianze sentimita 128 kutoka kilipoanzia cha kwanza, yaani mirudio minne kamili. Hapo umefika 238. Ongeza mrudio mmoja wa kuchagua nanasi lianzie wapi, unapata 270, kabla ya mikono na upindo. Mteja aliyeleta mita mbili na nusu aambiwe mapema.

Huo mrudio wa ziada si anasa. Bila huo, matunda mawili ya duara yanaweza kuangukia kifuani, moja kila upande, na hakuna maelezo yatakayomwokoa mvaaji. Kabla ya kukata, weka kitambaa mwilini mbele ya kioo, utie chaki pale matunda yanapoangukia kifuani na kwenye makalio, halafu sogeza. Kwa kanga kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi mji una picha moja ya katikati, pindo linazunguka pande zote, na jina linasomeka kwa upande mmoja tu. Doti moja inakupa vipande viwili vinavyofanana. Tumia kimoja mbele na kingine nyuma, pindo liwe chini.

Tatu, uchapaji, hasa wa fulana. Sablimesheni, yaani kuhamishia wino kwenye kitambaa kwa joto, hushika vizuri kwenye poliesta ya rangi nyepesi. Ukiipiga kwenye pamba, parachichi litafifia baada ya kufuliwa mara chache. Kwa pamba tumia skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu. Kwenye fulana nyeusi lazima itangulie rangi nyeupe ya chini, la sivyo manjano ya ndizi yatageuka kijani chafu. Wino wa plastisoli, ule wa plastiki unaotumika kwenye skrini, hukomaa kwenye joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi, na joto hilo linapaswa kuufikia wino wote, si juu tu. Ukitolewa mapema unaonekana mkavu, kisha unapasuka kama udongo wa kiangazi baada ya kufuliwa mara mbili tatu.

Fulana hizo zifuliwe zikiwa zimegeuzwa nje ndani, kwa maji baridi, zianikwe kivulini. Pasi ipitishwe upande wa ndani tu. Ikigusa plastisoli moja kwa moja, ndizi itahamia kwenye pasi, na kutoka hapo hadi kwenye shati jeupe litakalofuata.