Ombi la msaada skuli halingoji jina la ugonjwa

Wazazi wanaokuja kuniona hapa Chake Chake, Pemba, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu au wanaopata tabu kujifunza, karibu wote huanza na swali moja: "Mwalimu, mwanangu ana nini?" Ni swali la haki, na jibu lake litafutwe hospitali. Lakini mtoto kafika miaka saba na bado yuko nyumbani, ati mpaka jibu lipatikane! Hapo naumia. Mwalimu wa darasa hahitaji kwanza kujua kama ni usonji au mtindio wa ubongo. Anahitaji kujua mtoto anasikia vipi, anaelewa nini, anakwendaje chooni na kinachomshinda ni kipi. Hayo mama na bibi wanayajua kuliko daktari yeyote.

Kwa hiyo ombeni msaada sasa, na muombe kwa maandishi. Mazungumzo ya mlangoni na mwalimu mkuu, hata yakiwa mazuri vipi, hayabaki popote. Mwalimu akihamishwa, anayekuja hana habari. Barua huingia kwenye faili la mtoto. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto mkubwa au jirani, yeye atie dole gumba. Ni barua kamili vilevile.

Ndani yake usiandike "mwanangu ni mzito" wala "akili yake haiko sawa". Andika unachokiona, kwa mfano:

"Akiambiwa jambo moja hulifanya. Akiambiwa mawili kwa pamoja hufanya la mwisho tu. Kalamu huishika kwa kiganja kizima. Kelele zikizidi huziba masikio na kutoka nje. Akitaka kwenda chooni hasemi, humvuta nguo aliye karibu naye."

Mwalimu akisoma hayo anajua pa kuanzia: maagizo ampe moja moja, amkalishe mbali na dirisha la kiwanjani, na mtoto anayekaa naye aelezwe maana ya kuvutwa nguo. Hakuna hata moja hapo linalohitaji fedha.

Kabla ya kuandika, pita na chuoni, anakosomeshwa Qur'ani. Watoto wetu huanza chuoni wakiwa wadogo, na mara nyingi ustadhi ndiye wa kwanza kuona. Mtoto anayesoma Qul-huwallahu kwa moyo bila kukosea, lakini ukimwonyesha herufi za alifu na be hazitambui, ametupa habari kubwa: anasikia, anahifadhi, kinachomsumbua ni maandishi. Huyo afundishwe kwa kusikia huku herufi zikifuatia taratibu. Kinyume chake, mtoto aliye nyuma chuoni na skuli, haitiki akiitwa, na sikio linatoa usaha, apelekwe kupimwa masikio kabla mtu hajamwita mkaidi. Macho nayo yapimwe. Na kama ana kifafa, skuli iambiwe dawa gani anakunywa, saa ngapi, na wafanye nini akianguka.

Kwenye skuli zenye mikondo miwili, omba mkondo wa asubuhi. Mtoto anayechoka haraka, mchana kwenye joto na darasa limejaa, hapati kitu. Kama atahitaji muda wa ziada kwenye mitihani ya taifa, skuli iombwe mapema, kabla ya usajili.

Wapo watakaoambiwa, "Hapa hatuna mwalimu wa watoto hao." Mwombe mwalimu mkuu akuandikie jibu hilo, kisha lipeleke ofisi ya elimu ya wilaya pamoja na nakala yako yenye muhuri. Wizara ya Elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, na nchi yetu, Tanzania, iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 inasema mtoto asiondolewe kwenye elimu kwa sababu ya ulemavu wake. Darasa maalumu huwafaa baadhi ya watoto, hasa wenye mahitaji mazito. Lakini kumtoa mtoto Micheweni kila siku kumleta Chake, wakati skuli iko hatua chache kutoka kwao, mimi siliungi mkono mpaka skuli ya karibu ijaribu kwanza.

Skuli ikikubali, muandike pamoja nani atafanya nini, na mkutane tena kila mwisho wa muhula. Mkihama shehia, nakala zote ziende nanyi.