Je, wajua? Setilaiti humpata mvuvi aliyepotelea baharini bila kumwona

Ukiwauliza watu jijini Tanga setilaiti ingempataje mvuvi ambaye injini yake imezima usiku katikati ya mkondo wa Pemba, mara nyingi utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: setilaiti inapiga picha, na mtu ofisini anaikuza picha ile mpaka aione mashua. La pili: simu ya mvuvi ina GPS, kwa hiyo setilaiti zinajua alipo. Yote mawili si sahihi. Jibu lenyewe linashangaza zaidi: setilaiti humsikia, na kwa kusikiliza tu, bila picha wala GPS, inawezekana kukokotoa alipo.

Tuanze na picha. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha za nchi kavu na maji ya pwani karibu duniani kote, na picha hizo hutolewa bure kwa yeyote, jambo ambalo limewasaidia sana wanaofuatilia mikoko na miamba ya matumbawe. Lakini kila nukta ya picha hizo, kwa ubora wake wa juu kabisa, ni eneo la mita 10 kwa mita 10. Ngalawa nzima inaingia ndani ya nukta moja. Tena setilaiti hizo zikiwa mbili hurudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 5 hivi, asubuhi, na zinahitaji mwanga wa jua. Usiku hazioni kitu, na wakati wa masika mara nyingi zinaona mawingu tu. Zipo setilaiti za kibiashara zinazoweza kutambua kitu cha sentimita 30, ila upeo wake ni mwembamba na lazima zielekezwe mapema pa kutazama. Pa kutazama ndilo swali lenyewe. Zile za rada hupenya mawingu na giza na huziona meli za chuma vizuri, lakini chombo kidogo cha mbao kwenye mawimbi hurudisha mwangwi hafifu mno.

Suala la GPS linahitaji kufafanuliwa kwa kirefu, kwa sababu kulielewa vibaya kunaweza kumgharimu mtu maisha. Setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,000 na ushei juu yetu, zinatangaza tu. Zinataja saa na mahali zilipo, basi. Simu husikiliza matangazo ya setilaiti kadhaa kwa pamoja, ikalinganisha saa, kisha ikajipigia hesabu yenyewe. Hakuna chochote kinachorudi juu, na setilaiti haijui kama yupo mtu anayeisikiliza. Ndiyo maana mamilioni ya watu hutumia matangazo hayohayo kwa wakati mmoja bila kupanga foleni. Simu ya mvuvi, basi, inajua ilipo. Ili imwambie mtu mwingine inahitaji mnara, na minara iko nchi kavu. Ukishavuka miamba ukaingia mkondoni, mtandao unafifia kisha unakatika. Pale unabaki na kifaa kinachojua mahali pako kwa usahihi wa mita chache na ambacho hakiwezi kumwambia mtu yeyote. Baadhi ya simu mpya zinaweza kutuma ujumbe mfupi wa dharura kupitia setilaiti, lakini huduma hiyo haijafika nchi zote, na hata pale ilipo haitokani na GPS.

Kinachofanya kazi ni redio ndogo ya dharura. Ile ya chombo mabaharia huiita EPIRB, na ipo pia ya mtu mmoja, ya kubeba mfukoni. Ukiiwasha, kila baada ya sekunde 50 hivi hutoa mlio wa nusu sekunde kwenye masafa ya megahezi 406, kwa nguvu ya wati 5 tu. Ndani ya mlio kuna namba ya utambulisho ya kifaa na namba ya nchi kilikosajiliwa. Za Tanzania ni 674 na 677. Vingi vya siku hizi vina GPS ndani na huongeza mahali vilipo kwenye ujumbe huo. Lakini mfumo huu wa setilaiti kusikiliza redio za dharura ulianza kuokoa watu mwaka 1982, zaidi ya miaka 10 kabla GPS haijakamilika, na bado unaweza kukipata kifaa kisichojua kabisa kilipo. Unafanyaje?

Chukua basi linalotoka Segera kwenda Tanga, na abiria mmoja amefumba macho. Mahali fulani kabla ya Muheza kuna lori limekwama, na honi yake imeng'ang'ania, inalia mfululizo kwa sauti ileile. Basi likiwa linalikaribia lori, abiria anaisikia honi ikiwa nyembamba kuliko ilivyo. Likishapita, honi hiyohiyo inasikika nzito. Lori halikubadilisha chochote. Mwanzoni basi lilikuwa likiyaendea mawimbi ya sauti, kwa hiyo likayapokea kwa haraka. Baadaye likawa linayakimbia, nayo yakalifikia kwa kuchelewa.

Abiria huyo akiwa na saa na sikio zuri anaweza kujua mambo mawili. Kwanza, sekunde ile ambayo sauti inavuka kutoka wembamba kwenda uzito ndiyo sekunde ambayo basi lilikuwa sambamba na lori. Akijua basi lilikuwa wapi sekunde hiyo, amejua lori liko usawa gani wa barabara. Pili, anaweza kutazama sauti inavyoshuka. Lori likiwa kando kabisa ya lami, sauti huporomoka ghafla. Likiwa limeingia ndani, katikati ya shamba la mkonge, sauti hushuka taratibu. Kasi ya kushuka kwa sauti inampa umbali wa lori kutoka barabarani, na hajafumbua macho bado.

Setilaiti ndiyo basi, njia yake angani ndiyo barabara, na kifaa cha mvuvi ndicho honi. Setilaiti za mwanzo za mfumo huu zilipita kati ya kilomita 850 na 1,000 juu ya ardhi, kwa mwendo wa kilomita 7 na kitu kwa sekunde. Kifaa kinatoa mitetemo milioni 406 kila sekunde. Setilaiti inapochomoza upeoni huihesabu ikiwa imezidi kwa karibu 9,000. Inapozama huihesabu ikiwa imepungua kwa kiasi hichohicho. Ni sehemu kama mbili katika laki moja, lakini ala za redio huipima bila shida. Setilaiti ikipita mara moja, kwa muda usiozidi robo saa hivi, hukusanya milio kumi na kitu, na kutokana na namna milio hiyo inavyoshuka mahali pa mvuvi hujulikana kwa kawaida ndani ya kilomita 5.

Linabaki tatizo moja ambalo abiria wetu naye analo: hawezi kujua kama lori liko kulia au kushoto. Hesabu ya setilaiti vilevile hutoa majibu mawili, moja kila upande wa njia yake kwa umbali ulio sawa. Jibu moja linaweza kuangukia mkondo wa Pemba na jingine likaangukia bara, huko Tabora. Hapo linaweza kuonekana si tatizo, kwani mashua haiwezi kuwa Tabora, lakini mara nyingi majibu yote mawili huangukia majini. Kinachosaidia ni mzunguko wa dunia yenyewe. Kwenye latitudo ya Tanga, ardhi na bahari vinachukuliwa kuelekea mashariki kwa zaidi ya mita 460 kila sekunde. Kifaa kilicho magharibi mwa njia ya setilaiti kinasogezwa kuielekea njia hiyo, na kilicho mashariki kinaondolewa mbali nayo, kwa hiyo milio ya pande hizo mbili haishuki kwa namna iliyo sawa kabisa. Ikiwa tofauti ni ndogo mno, husubiriwa setilaiti ipite tena kwa njia nyingine: jibu la kweli hujirudia, la uongo huhama.

Kanuni yenyewe ina jina la Christian Doppler wa Austria, aliyeieleza mwaka 1842. Kwenye setilaiti ilianza kutumika mwaka 1957, pale William Guier na George Weiffenbach wa Marekani walipoisikiliza Sputnik ya Wasovieti na, kwa kupanda na kushuka kwa mlio wake, wakajua inazungukaje dunia. Ikafahamika kwamba hesabu inaweza kugeuzwa: ukijua setilaiti iko wapi, unampata aliye chini. Mwaka 1972 ndege iliyowabeba wabunge wawili wa Marekani ilipotea Alaska na haijapatikana mpaka leo. Baadaye ndege ndogo nchini humo zililazimishwa kubeba redio za dharura, lakini redio hizo zilisikika tu ikiwa ndege nyingine imepita karibu. Lilihitajika sikio la juu zaidi.

Sikio hilo lilijengwa na mahasimu. Mwaka 1979 Marekani, Umoja wa Kisovieti, Kanada na Ufaransa zilitia saini makubaliano ya mfumo mmoja uitwao Cospas-Sarsat. Mwaka uliofuata Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow, michezo ambayo Marekani na Kanada ziligoma kushiriki. Kazi ya setilaiti haikugomewa. Setilaiti ya kwanza yenye kifaa hicho, ya Kisovieti, ilirushwa Juni 30, 1982. Septemba mwaka huohuo ikasikia mlio kutoka milima ya British Columbia, Kanada, na watu watatu wa ndege ndogo iliyoanguka wakaokolewa. Setilaiti hiyo haikuhitaji kibali cha kupita juu ya Kanada, kwa sababu Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema hakuna nchi inayomiliki anga hizo na matumizi yake yawe kwa manufaa ya nchi zote. Tangu hapo zaidi ya watu 50,000 wameokolewa, na nchi na mashirika zaidi ya 40 yanashiriki. Anayeomba msaada halipishwi ishara yake.

Kwa pwani ya Tanga ushirikiano huo una maana ya moja kwa moja. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongeza mbio. Chombo kilichozima injini, kikichukuliwa kwa noti 2 tu (maili 2 za baharini kwa saa), kwa saa 12 kitakuwa kimesogea kilomita 44 hivi, yaani kinakaribia maji ya Kenya. Vituo vya uratibu wa uokoaji vilivyopo Dar es Salaam na Mombasa lazima vipate taarifa ileile, na mlio wa megahezi 406 haujali mpaka.

Badiliko la miaka ya karibuni linatufaa sisi kuliko wengi. Setilaiti za mwanzo hupita juu ya ncha za dunia kila mzunguko, kwa hiyo walio kaskazini ya mbali walisikika mara kwa mara, huku walio karibu na ikweta wakisubiri hata zaidi ya saa nzima. Sasa vipokezi vimewekwa pia kwenye setilaiti za GPS na za mifumo inayofanana nayo, Galileo ya Ulaya na Glonass ya Urusi, zilizo juu zaidi, na kadhaa kati yake huwa juu ya Tanga wakati wowote. Zikisikia mlio mmoja kwa pamoja, mahali hupatikana kwa dakika chache. Tangu Januari 2020 Galileo inaweza hata kurudisha jibu, na taa kwenye kifaa kilichotengenezwa kupokea jibu hilo humjulisha mwenye shida kwamba amesikika.

Ila kifaa chenyewe kinanunuliwa, kwa mamia ya dola, na kanuni za kimataifa zinazilazimisha meli za abiria na za mizigo za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi kuwa nacho. Mashua za Sahare na Kigombe haziguswi na kanuni hizo. Naona BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, vingeweza kununua vichache na kuviazima kwa vyombo vinavyovuka miamba, mradi visajiliwe ipasavyo. Usajili ni jambo zito, maana zaidi ya ishara 9 kati ya 10 zinazopokelewa duniani si dharura ya kweli, na kinachozitenganisha haraka ni namba ya simu ya mtu wa nchi kavu anayeweza kusema chombo kimetoka lini, kina watu wangapi na kilikuwa kinaelekea wapi. Betri ya kifaa cha mfukoni hudumu walau saa 24, ya EPIRB saa 48, na antena lazima ielekee angani, isifunikwe na turubai.