Ndago, jua la kaskazi na maarifa ya wazee

Mkulima wa Unguja au Pemba haelezwi gugu la ndago ni nini. Leo umepalilia konde la muhogo ukapaacha peupe, wiki ijayo ukirudi imechomoza tena kama hukupiga jembe. Wengi sasa hukimbilia dawa ya magugu. Kabla hujatoa pesa, kaa na mzee wa kijijini kwako umuulize wao walikuwa wakifanyaje.

Nguvu ya ndago haiko kwenye majani. Chini ina vijiazi vidogo vyeusi, vimeshikana kwa nyuzi nyembamba kama shanga. Ukilipiga jembe juu juu wakati wa mvua, unazikata zile nyuzi tu, na kijiazi kilichotengwa na wenzake huamka kikaota. Hata dawa inayokausha majani, mara nyingi huviacha vijiazi vilivyolala. Tena tukumbuke kwamba maji tunayokunywa visiwani kwa sehemu kubwa hutoka chini ya ardhi, na mawe yetu ya matumbawe hupitisha haraka kinachomwagwa juu yake.

Wazee waliitafuta ndago wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua likiwa kali na masika bado. Walitifua kwa kina, wakavifukua vijiazi na kuviacha juani mpaka vikakauka kabisa. Kijiazi kilichokauka hakioti tena. Ni kazi ya kuumiza mgongo, ndiyo maana ilifanywa kwa kusaidiana, leo kwako, kesho kwangu. Sisi wataalamu wa kilimo tulikosea pale tulipokwenda vijijini kufundisha bila kwanza kusikiliza.

Siku zenyewe hazikukisiwa. Zilihesabiwa kwa miongo tangu Nairuzi, ule mwaka mpya unaokogwa Makunduchi kila Julai: miongo 36 ya siku kumikumi, na siku tano za kumalizia. Vijana wengi wanaijua sherehe lakini hesabu hawaijui, na jambo hili linanisikitisha sana.

Ndago pia haipendi kivuli. Marando ya viazi vitamu yakishatambaa na kufunika tuta, huisonga. Kunde zilizopandwa katikati ya muhogo hufanya kazi hiyo hiyo, nazo huongeza rutuba. Ila muhimu ni kupalilia mapema, kabla marando hayajafunga. Ukichelewa, ndago ndiyo itakayofunika.

Si kila cha kale kirudishwe. Kuchoma moto konde la maweni, penye udongo haba, huunguza na mboji tunayoihitaji.

Kaskazi ijayo, chagua pembe moja ya shamba iliyoshambuliwa zaidi. Tifua, fukua, anika, kisha masika ikianza panda viazi hapo. Pembe ya pili ilime kama ulivyozoea. Baada ya mavuno mwite bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako, mfukue pamoja mhesabu vijiazi vilivyobaki kila upande.