Kubadili ulaji kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: maana yake hasa

Mgonjwa akishakubaliwa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, mara nyingi mazungumzo ya kwanza hayahusu tarehe, yanahusu chakula. Aache soda, apunguze wanga, atafune polepole, arudi kliniki mwezi ujao. Ndugu zake wakisikia huuliza swali ambalo hata yeye analo: kama anaweza kujinyima hivyo, kisu cha nini tena?

Swali hilo lina haki yake, ila linatokana na kuchanganya mambo mawili. Anachoambiwa mgonjwa ni kazi mbili tofauti zilizopewa jina moja. Ya kwanza ni ya wiki 2 hadi 4 na inalihusu ini. Ya pili huanza miezi kadhaa kabla ya upasuaji na haina mwisho, maana inahusu namna ya kula akiwa na tumbo dogo. Hakuna kati ya hizo iliyowekwa iwe ndiyo dawa ya unene.

Tuanze na ini. Upande wake wa kushoto umelala juu ya mfuko wa chakula. Siku hizi upasuaji huu hufanyika kwa matundu madogo: daktari huingiza kamera na vifaa vyembamba, kisha ini linyanyuliwe na kushikiliwa pembeni ili aone sehemu ya juu ya mfuko, pale unapokutana na umio. Kwa mtu mwenye uzito uliopitiliza, ini mara nyingi limejaa mafuta. Huwa kubwa, zito, na rahisi kuchanika linapoinuliwa, na ini likichanika linatoka damu. Likikataa kuinuka, daktari hubaki na njia mbili: kufungua tumbo kwa mkato mrefu, au kufunga matundu na kuahirisha.

Bahati nzuri ini husinyaa upesi. Huhifadhi sukari kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takribani gramu 3 za maji. Mtu akipunguza wanga na chakula kwa jumla, akiba hiyo hutumika ndani ya siku chache, maji yake yanatoka kwenye mkojo, kisha mafuta ya ini nayo yanaanza kutumika. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2006 matokeo ya watu 32 waliokula lishe ya nishati ndogo sana kwa wiki 12. Maini yao yalipungua kwa wastani wa karibu asilimia 19, na asilimia 80 ya upungufu huo ilitokea katika wiki 2 za mwanzo. Ndiyo sababu hospitali nyingi huridhika na wiki 2 tu. Ndiyo sababu pia mizani hushuka kwa kasi siku za mwanzo. Sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo asishangilie sana.

Lishe hii ya ini huwa na kilokalori 800 hadi 1,200 kwa siku, protini ya kutosha, wanga kidogo na mafuta kidogo. Kwa jiko letu ni mayai ya kuchemsha, samaki wa kuchoma au wa kuchemsha, kuku asiye na ngozi, mtindi usiotiwa sukari, mchicha au kabichi iliyopikwa bila kumwagiwa mafuta. Baadhi ya hospitali za Uingereza humpa mgonjwa nafasi ya kuchagua maziwa peke yake, lita 2 hivi kwa siku. Sidhani ni wazo zuri kwa wengi wetu ambao tumbo hujaa gesi kwa maziwa mabichi. Mtindi huvumilika zaidi. Anayeona kilokalori hizo 800 hadi 1,200 zinatisha aanze kwa kupunguza sukari ya chai. Vijiko 3 vya sukari katika kikombe ni gramu 12 hivi, yaani karibu kilokalori 48. Vikombe vitatu kwa siku vinakaribia 145, na kwa mtu aliyepangiwa 800 hiyo ni karibu moja ya tano ya siku nzima, imekwisha kabla hajagusa sahani. Siku mbili tatu za mwanzo kichwa huuma, choo hukaza na mdomo hunuka. Maji na supu nyepesi husaidia.

Hapa kuna jambo la hatari. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide asianze lishe hii kabla daktari hajampangia upya dozi. Chakula kikipungua na dawa ikabaki ileile, sukari hushuka: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Dawa za kisukari za kundi la dapagliflozin na empagliflozin nazo huweza kujaza ketoni, yaani asidi zitokanazo na mafuta kuunguzwa, mwilini hata kipimo cha sukari kikionekana kizuri, kwa hiyo husimamishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji. Dawa za presha pia zinahitaji kuangaliwa.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi, ingawa haina njaa kama ile ya kwanza. Katika upasuaji wa kukata sehemu ya mfuko wa chakula, karibu robo tatu au zaidi ya mfuko huondolewa, kinabaki kipande chembamba mfano wa ndizi. Katika ule wa kuunganisha utumbo na kijifuko kidogo cha juu, kijifuko hicho huwa na ujazo wa takribani mililita 30, sawa na vijiko viwili vya mezani. Chombo cha aina hiyo kina masharti yake, na masharti hayo hayajifunzwi kitandani wodini mtu akiwa na maumivu.

Chukua ugali. Tonge kwetu linafinyangwa, linachovywa kwenye mchuzi, linamezwa. Anayelitafuna mara ishirini ataulizwa kama jino linamuuma. Baada ya upasuaji, vyakula vya kunata kama ugali, mkate laini na wali uliogandana hukusanyika donge na kukwama. Kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, kisha anatapika. Kwa hiyo miezi ile ya kabla ndiyo ya kujifunza: tonge dogo kama ncha ya kidole, litafunwe hadi lilainike kabisa, mkono upumzike kabla ya tonge lingine, mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Mwanzoni ni adha, hasa mkila pamoja na wenzako wameshanawa mikono.

Halafu kuna kushushia. Chapati na chai, wali na maji, nyama choma na soda: tumezoea kula na kunywa kwa pamoja. Mgonjwa anatakiwa atenganishe, asinywe wakati wa kula, na asubiri kama dakika 30 baada ya mlo. Kijifuko hakitoshi vyote viwili, na kinywaji hujaza nafasi ya chakula chenye faida. Maji yanywewe kidogo kidogo siku nzima. Soda iachwe mapema kabisa, kwa gesi yake na sukari yake.

Mpangilio wa sahani nao hugeuka. Protini huliwa kwanza, mboga zinafuata, wanga mwisho kama nafasi ipo. Lengo la kawaida baada ya upasuaji ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai mawili asubuhi hayafiki mbali. Samaki, maharage na mtindi lazima viingie kila siku. Penye sinia la pamoja, mtu hawezi kujua amekula kiasi gani, na mwenyeji hachoki kusema ongeza. Ajipakulie pembeni, aseme ameshiba, hata kama shangazi atanuna.

Na yupo anayekula kwa sababu ya huzuni, upweke au hasira. Upasuaji haugusi hilo. Tumbo dogo huzuia sahani ya pilau, lakini halizuii aiskrimu, juisi na maziwa mazito ya kopo, ambavyo hupita bila shida yoyote. Kama mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili yamo katika maandalizi, asiyaone ni kuitwa mwendawazimu.

Sasa lile swali la ndugu. Mtu akipungua kwa kujinyima, mwili hujibu: homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda, na mwili hutumia nishati kidogo kuliko awali. Ndiyo maana wengi hupungua kisha hurudi walikotoka, wala si uzembe. Sehemu ya mfuko inayokatwa ndiyo inayotengeneza ghrelini nyingi. Kwa hiyo lishe ya kabla humfikisha mtu salama chumba cha upasuaji na kumfundisha kula. Kuituliza ile njaa ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo ya kisu.

Kutokana na hayo, naona si haki kuigeuza lishe kuwa mtihani wa nia. Nchini Marekani baadhi ya kampuni za bima zimedai miezi 3 hadi 6 ya kujinyima chini ya usimamizi kabla ya kulipia. Chama cha madaktari wa upasuaji huu nchini humo kimepinga mara kadhaa, kikisema hakuna ushahidi kwamba ucheleweshaji huo unamfaidi mgonjwa. Mafunzo ya ulaji ni kitu kimoja, kikwazo cha malipo ni kingine.

Ipo pia njia ya puto la tumboni, linalojazwa ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe upesi. Kwa Tanzania huwekwa katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, na halihitaji kukata chochote. Huingizwa kwa mdomo na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Huko suala la ini halina uzito huo, lakini puto likishatoka, mazoea ya kula ndiyo pekee yanayobaki.

Na kuna wanaoaga chakula: wiki ya mwisho biriani, nyama choma, keki, eti haitarudi tena. Ini huweza kujaa tena upesi. Aliyeteleza harusini siku tatu kabla ya upasuaji apige simu hospitali na kusema ukweli, kwa sababu kusogeza tarehe wiki moja ni rahisi kuliko kufunguliwa matundu na kufungwa tena bila kazi kufanyika.