Unga ulioishia njiani

"Dokta, huyu ananifanyia makusudi."

Mama alikuwa hata hajakaa vizuri. Alimtuma mwanawe wa miaka tisa dukani, nyumba ya tatu tu kutoka kwao: unga kilo mbili, chumvi na kiberiti. Kijana akarudi na kiberiti, na chenji mkononi. Lakini huyohuyo anakutajia kikosi cha Simba cha msimu uliopita, nani alitoka, nani aliingia. "Sasa hapo utaniambia hana kumbukumbu?"

Sikumwambia hivyo, kwa sababu kumbukumbu anayo. Nilimpa kijana zoezi dogo. Nikamtajia 7, 2, 9, 4, azirudie. Akazirudia bila shida. Kisha nikamtajia 3, 8, 1, 6, ila safari hii aanzie mwisho. "Sita..." Bajaji ikapita nje, akageuka dirishani. "Sita... tatu?" Kurudia kama ulivyosikia ni kushika tu. Kuanzia mwisho ni kushika huku unapangua na kupanga upya, na hapo ndipo wengi wenye upungufu wa umakini, ambao siku hizi tunauita ADHD tu, wanapokwama.

Mimi huielezea kwa fundi cherehani. Ana kabati la vitambaa, na ana meza ya kukatia. Kabati ni yale uliyoyahifadhi miaka na miaka. Meza ni kumbukumbu ya kazi, ile ambayo wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974: mahali unaposhikilia kitu kwa sekunde chache huku unakitumia. Meza hiyo ni ndogo kwa kila mtu. Mtu mzima wa kawaida anamudu vitu vinne hivi kwa mpigo. Kwa wengi wenye ADHD ni ndogo zaidi, tena imewekwa penye upepo. Mbwa akibweka, kitambaa kinaanguka. Kikosi cha Simba kiko kabatini. Kiliingia chenyewe, maana kijana anakipenda. Unga haukufika kabatini kabisa. Uliangukia njiani, pengine pale alipokuta wenzake wanacheza gololi.

Zoezi hilo peke yake halithibitishi ADHD, na wapo wenye ADHD wanaolifanya vizuri tu. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ule wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, unataka dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Kabla ya yote nauliza habari za usingizi, na masikio yanapimwa. Mtoto asiyesikia vizuri naye hurudi bila unga.

Kwa watu wazima kuna sura nyingine inayoniumiza zaidi. Namhudumia dada mmoja, fundi kweli wa nguo (mfano wa meza niliutoa kwake). Vipimo vya wateja wake anavyo kichwani. Maharage yake yanaungua karibu kila wiki. Siku moja aliniambia jambo ambalo sijawahi kuliona limeandikwa vizuri hivyo kitabuni: "Ukiniuliza kama nina maharage jikoni, nitakwambia ninayo. Ila hakuna anayeniuliza." Alikuwa hajasahau. Alichokosa ni lile jambo kumjia lenyewe wakati wake ulipofika. Ongeza na saa: "namalizia mshono huu, dakika tano" huwa arobaini, naye anaapa zilikuwa tano. Mumewe anauita uzembe. Naye, baada ya kuitwa hivyo tangu darasa la pili, ameshaamini.

Dawa huwasaidia wengi, na hilo ni la kuzungumza na daktari wako. Kuhusu ile michezo ya simu inayodaiwa kuongeza kumbukumbu, okoa bando lako. Tafiti zimeonyesha anayeicheza huwa hodari wa mchezo wenyewe. Akitumwa dukani, bado unga unabaki.

Ninachopendelea ni kuipunguzia meza mzigo. Dada yule sasa anatega simu kwa sauti yake mwenyewe ikisema "maharage", kwa sababu kengele tupu alikuwa anaizima kisha anajiuliza ililia ya nini. Na haiweki karibu na cherehani. Anaiacha jikoni, ili kuizima alazimike kusimama mbele ya sufuria.

Mama yule nilimwomba aache "uwe unakumbuka!" Amwite mtoto karibu, asubiri amtazame, amwagize, mtoto arudie kwa mdomo wake, kisha orodha iandikwe kwenye kikaratasi kinachoviringishwa pamoja na hela. Hela hawezi kuifungua bila kuiona orodha.

Juzi alinipigia. Unga umefika, chumvi imefika, kiberiti kimefika. Chenji imebaki dukani. Hatukuiandika.