Fidia ya WIBA: asilimia na mshahara ndivyo vinavyoamua utalipwa ngapi

Fundi akikatwa kidole na msumeno wa karakana hapa Kenya, watu huanza kubishana nani alikosea. Kwenye fidia ya kazini ubishi huo una uzito mdogo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA, inataka kujua kama aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kuteleza au kusahau hakumnyimi haki. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo hauzuii malipo ikiwa amepata ulemavu mkubwa au amefariki. Aliyeumia ndani ya gari ambalo mwajiri ametenga kubeba wafanyakazi bure kwenda au kutoka kazini, likiendeshwa na mwajiri au mfanyakazi wake, naye huhesabiwa kuwa alikuwa kazini.

Bima ni jukumu la mwajiri. Kampuni ya bima hukadiria ada kwa kuangalia jumla ya mishahara ya mwaka. Mwajiri anayeiambia bima ana wafanyakazi kumi ilhali ana ishirini anajitafutia shida siku ajali itakapotokea, lakini shida hiyo ni yake na kampuni ya bima. Haipunguzi haki ya aliyeumia hata shilingi moja. Asipokuwa na bima kabisa, atalipa kutoka mfukoni, na amevunja sheria pia.

Ukiumia, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, hata kwa mdomo, kisha uandike: tarehe, saa, mashine gani, nani aliona. Mwajiri ana siku 7 za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akinyamaza, nenda mwenyewe ofisi ya DOSH (idara ya Mkurugenzi huyo) ya kaunti yako, ile ambayo watu bado wanaiita ofisi ya leba. Muda wa kudai ni miezi 12 tangu ajali, na wengi huumaliza wakingoja ahadi za bosi.

Fomu yenyewe ni DOSH/WIBA 1. Usiichanganye na P3, ambayo ni ya polisi. Sehemu ya mwajiri ina jina, kazi, mshahara na maelezo ya ajali. Sehemu ya daktari ina siku ambazo hukuweza kufanya kazi na asilimia ya ulemavu wa kudumu. Hapa ndipo ningekuomba usome kila mstari kabla fomu haijaondoka mkononi mwako.

Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Chukua fundi wa shilingi 24,000 kwa mwezi: mara 96 ni 2,304,000. Daktari akiandika asilimia 10, fidia ni 230,400. Akiandika 15, ni 345,600. Sasa rudi kwenye mshahara. Mwajiri akijaza 15,000 badala ya 24,000, asilimia ileile 10 inatoa 144,000 tu. Shilingi 86,400 zimepotea kwa mshahara uliojazwa vibaya, na hakuna aliyegusa kidonda. Kwa hiyo beba ushahidi wa malipo. Anayelipwa kwa M-Pesa achapishe taarifa ya miezi kadhaa. Overtaimu ya kila mara na thamani ya chakula au nyumba unayopewa na mwajiri huingia kwenye mapato. Overtaimu ya mara mojamoja haiingii.

Kosa la upande wa daktari huwa la haraka. Kidonda bado kimefungwa bendeji, kiungo hakijajaribiwa, na asilimia imeshaandikwa. Wiki kadhaa baadaye kidole hakikunji, na fomu inasema 3. Ni heri daktari ajaze kwanza siku za mapumziko, kisha apime ulemavu wa kudumu jeraha likishapona kadiri litakavyopona.

Siku za kupumzika zina malipo yake. Ukishindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, unastahili mapato yako kwa kipindi hicho, hadi miezi 12. Malipo haya hayachukui nafasi ya fidia ya ulemavu wa kudumu, na gharama za matibabu ni za mwajiri. Karatasi ya "nimeridhika, sitadai tena" inayoletwa wodini pamoja na bahasha usiitie sahihi.

Wengine hukimbilia wakili afungue kesi ya uzembe mahakamani. Mahakama ya Juu ilikata shauri Desemba 2019: kifungu kinachozuia kesi za aina hiyo ni halali, na dai linaanzia kwa Mkurugenzi. Yeye hukadiria fidia na kumwandikia mwajiri akitaka ilipwe. Mwajiri au bima yake ana siku 90 tangu dai lilipowasilishwa.

Usiporidhika na makadirio, andika pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60, ukiambatisha ripoti ya daktari mwingine au ushahidi wa mshahara halisi. Jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Nakala ya fomu yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo itakayoonyesha ulifika kwa wakati, basi ipige picha kabla hujatoka pale dirishani.