Mchujo wa California haumteui mgombea wa chama

Wengi tukisikia kura za mchujo Marekani, tunadhani kila chama kinateua mgombea wake. California sivyo. Tangu 2012, wagombea ugavana wa vyama vyote huwekwa kwenye karatasi moja (urais una utaratibu wake), na wawili wanaoongoza ndio hukutana kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba, hata wakiwa chama kimoja. Mwaka 2018 Gavin Newsom wa Democratic aliongoza, John Cox wa Republican akafuata. Antonio Villaraigosa, meya wa zamani wa Los Angeles na Democratic pia, akawa wa tatu, safari ikaishia hapo. Useneta mwaka huohuo ulikuwa mkali zaidi: Dianne Feinstein na Kevin de León, wote Democratic, walivaana Novemba. Na ukizoa asilimia 60 kwenye mchujo? Bado unarudi ulingoni.